Joto la uso wa barabara na shamba usiku wa kipupwe: tuliyojifunza Nyanda za Juu Kusini

Nyuzi 4 zinazotangazwa kwa Makete usiku wa Julai ni joto la hewa. Limepimwa ndani ya kisanduku cheupe chenye kivuli, mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi. Usiku huohuo, anga ikiwa safi na upepo umetulia, ncha za majani ya viazi zinaweza kuwa chini ya sifuri, sakafu ya daraja la chuma ikawa nyuzi 1, na lami ikabaki nyuzi 6. Vyote hivyo viko hatua chache kutoka kwenye kisanduku. Sisi tunaokokotoa joto la uso kwa ajili ya watu wa barabara na wakulima wa viazi, chai na pareto tumejenga kazi yote juu ya tofauti hiyo. Kila uso una hesabu yake, na anayechukua joto la hewa akalibandika kwenye lami au kwenye shamba hajafanya hesabu bado.

Programu nyingi za kazi hii zilizaliwa kwenye nchi za theluji. Kanada wana METRo, iliyoelezwa na Louis-Philippe Crevier na Yves Delage mwaka 2001, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Huko swali ni moja: usiku wa leo gari la chumvi litoke au lisitoke? Chumvi ya kawaida ikifika karibu asilimia 23 kwenye maji huweza kuyazuia yasigande hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani nguvu yake huisha mapema zaidi, karibu na nyuzi 9 chini ya sifuri, maana kuyeyusha kunakuwa kwa polepole mno. Gramu 10 kwa mita ya mraba, kwenye barabara ya upana wa mita 7, ni kilo 70 kila kilomita. Mtandao wa barabara wa mji mmoja unakula tani nyingi usiku mmoja. Ukitoka bure umepoteza mali na umechafua mito, na usipotoka siku inayotakiwa watu wanakufa.

Hapa kwetu hatumwagi chumvi, na theluji yetu iko Kilimanjaro. Lakini mizani ya nishati ni ileile, na maswali yapo: usiku gani jalidi, yaani baridi ya kugandisha, itapiga viazi vya Kitulo na chai ya Mufindi, saa ngapi lami imepata joto la kutosha kumwagia kokoto, kipande gani cha barabara kati ya Isyonje na Kitulo kitakuwa na maji juu ya lami alfajiri.

Mizani yenyewe inasomeka hivi. Uso wenye nyuzi 5 hutupa juu kiasi cha wati 320 kwa kila mita ya mraba, ukichukua uwezo wake wa kutoa mnururisho (joto linalosafiri kama mwanga) kuwa 0.95. Anga safi, hewa ikiwa nyuzi 6 na unyevu wa asilimia 70, huleta chini kama wati 250, na uso hupokea karibu 237 kati ya hizo. Pengo ni wati 85 hivi, nazo lazima zitoke mahali fulani: kwenye ardhi iliyo chini ya uso, kwenye hewa inayopita juu yake, au kwenye mvuke unaogeuka umande. Wingu zito likifunika, kinachoshuka kutoka juu kinapita wati 330 na pengo karibu linafungika. Kwa hiyo usiku wa mawingu majani hayagandi hata kama watu wanatetemeka, na usiku mtulivu wenye nyota nyingi ndio wa kuogopwa.

Umande nao unachangia zaidi ya watu wanavyodhani. Sehemu ya kumi ya milimita ya umande, yaani gramu 100 kwa mita ya mraba, huachia kilojuli 250 wakati mvuke unageuka maji. Ukigawa kwa saa tatu ni wati 23, zaidi ya robo ya pengo lile. Maji hayo yakiganda baadaye huachia kilojuli 33 tu. Hewa kavu haitoi zawadi hiyo, na ndiyo maana baridi mbaya kuliko zote kwa viazi ni ile isiyoacha weupe wowote: hewa ni kavu, umande haupatikani, jani linashuka moja kwa moja hadi nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na mchana linageuka jeusi kama limemwagiwa maji ya moto. Anayesubiri kuona nyasi nyeupe ndipo aandike kwamba kulikuwa na jalidi atakosa siku zenye hasara kubwa.

Sasa tuje kwenye yanayoharibika programu ya kaskazini inapoletwa huku bila kuguswa.

La kwanza ni jua. Helsinki katikati ya Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 7 juu ya upeo. Mbeya mwezi Juni linafika nyuzi 57. Lami yetu hunywa joto mchana kutwa na inaweza kuzidi hewa kwa nyuzi 20 au zaidi, hata siku ambayo watu wamevaa makoti. Joto hilo liko chini linangoja usiku. Hii ndiyo sababu asubuhi ya Kitulo unakuta nyasi za pembeni zimeganda huku lami ina umande tu. Mhandisi aliyesoma vitabu vya kaskazini huona weupe pembeni akahofia utelezi wa barafu katikati, na mara nyingi barafu hiyo haipo. Tatizo lake halisi ni lami iliyolowa, yenye utando wa mafuta na vumbi la msimu mzima bila mvua. Madaraja ni habari nyingine, hasa yenye sakafu ya chuma au mbao. Hewa inapita chini yake, hayana ardhi ya kuyapa joto, na yanafuata hewa na anga haraka. METRo hukuruhusu kutangaza kituo kuwa daraja au barabara. Tumia uwezo huo.

La pili ni kanieneo ya hewa. Kwenye mwinuko wa mita 2,600 ni karibu hektopaskali 740, wakati programu nyingi zinaanzia 1,013. Hewa nyepesi kwa zaidi ya robo inaleta joto pungufu kwa kiwango hichohicho kwa upepo uleule. Ukiacha namba ya pwani, uso wako wa usiku utatoka na joto la uongo, na mchana utatoka baridi kuliko ulivyo.

La tatu ni saa, na hapa pana mitego miwili. Programu hutaka saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukiingiza saa za Tanzania bila kuzibadilisha, jua la kwenye hesabu linatembea saa tatu nje ya mahali pake. Mtego wa pili ni wa kwetu kabisa. Mpimaji anaandika daftarini "saa 12 asubuhi", karani anaingiza 12:00, na kipimo cha alfajiri kinakuwa cha adhuhuri. Kagua kila jedwali kabla ya kulitumia. Joto la chini la siku likitokea mchana, au la juu likitokea usiku wa manane, saa zimechanganywa. Kumbuka pia kwamba Mbeya iko mbali magharibi mwa mstari wa saa zetu, kwa hiyo mwishoni mwa Juni jua linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, na joto la chini kabisa la uso huja karibu na wakati huo, wala halitokei saa 9 usiku.

Mwinuko nao una hesabu zake. Utabiri wa kompyuta kubwa hugawa nchi katika miraba, na kila mraba una mwinuko mmoja wa wastani. Mraba ukisema mita 2,200 na shamba lako liko mita 2,600, tofauti ya mita 400 ni nyuzi 2.6 ukitumia kipimo cha kawaida cha nyuzi 6.5 kwa kilomita. Sahihisho hilo lifanye mchana bila wasiwasi. Usiku mtulivu liwekee mashaka, kwa sababu hewa baridi huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Vinyungu vya Iringa na Njombe, vile vya kwenye mabonde yenye unyevu, hupigwa na jalidi kabla ya mashamba ya mteremkoni yaliyo juu yake mita 50 au 100. Udongo wao uliolowa unapitisha joto vizuri na unasaidia kidogo, ila ziwa la hewa baridi lililokaa juu yake ni kubwa kuliko msaada huo. Wakulima wa chai wa Mufindi wanayajua mabonde yao moja moja. Kabla hujachora ramani yoyote, waulize wazee wa hapo ni wapi majani huungua kwanza, kisha weka kipimo mahali watakapokuonyesha.

Udongo wa Uporoto na Kitulo una majivu ya volkano kutoka Rungwe, Ngozi na jirani zao. Ni mwepesi, wenye matundu mengi, na ukikauka hupitisha joto karibu robo ya lami. Maana yake uso wake hauwezi kuvuta joto la chini kwa haraka, unashuka kwa kasi mara jua linapozama. Shamba lililolimwa karibuni na kuachwa tifutifu ni baya zaidi kuliko lililoshindiliwa na mvua. Kumwagilia mchana kabla ya usiku wa hatari kunaongeza upitishaji na akiba ya joto, mradi maji yapate muda wa kushuka na jua la kuyapasha. Ukimwagilia jioni, mvukizo unakula joto lilelile unalolihitaji.

Kwenye hesabu ya tabaka za ardhi, makosa ni ya kihesabu tupu na yanatibika. Wimbi la joto la siku moja huingia kwenye lami au udongo wa kawaida hadi sentimita 12 au 13 kabla ya kupungua kufikia theluthi hivi. Kwenye sentimita 40 karibu limeisha. Kwa hiyo tabaka za juu ziwe nyembamba, sentimita 1 kila moja, kisha zipanuke kadiri unavyoshuka hadi mita moja na nusu au mbili. Hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, lazima iendane na unene huo. Kwa njia ya kawaida ya kusonga mbele, inayokokotoa joto jipya kutoka la hatua iliyopita, tabaka ya sentimita 1 ya lami inavumilia sekunde 80 hivi. Ukiweka dakika 5 ili kompyuta imalize haraka, joto litaanza kurukaruka juu na chini, kila hatua zaidi ya iliyopita, mpaka upate nyuzi 300. Sisi hutumia sekunde 30 na hatujaona sababu ya kubadilisha, kwani hata kompyuta ndogo inamaliza usiku mzima kwa muda mfupi.

Upepo mdogo huleta ugonjwa mwingine. Upepo ukikaribia sifuri, fomula za hewa tulivu hukata kabisa joto linaloletwa na hewa, na modeli inashusha uso hadi nyuzi 8 chini ya sifuri usiku ambao kipimo kinaonyesha 2 tu. Wekea upepo kiwango cha chini usichokishuka, nusu mita hadi mita moja kwa sekunde. Shambani hakuna hewa iliyokufa kabisa.

Usianzishe modeli jioni ukitegemea alfajiri itoke sawa. Ianze siku mbili au tatu nyuma kwa vipimo halisi, ili tabaka za chini zipate joto lao la kweli. Kwa tabaka ya mwisho chimba mita moja, weka kipimo, soma, tumia namba hiyo.

Kuhusu vipimo vyenyewe, sensa ya DS18B20 inatosha kwa kuanzia. Ni ya bei nafuu, usahihi wake ni nusu nyuzi, na sensa nyingi hukaa kwenye waya mmoja kwa rezista ya kilo-omu 4.7. Ijaribu kabla ya kuifukia: saga barafu safi, changanya na maji kidogo tu iwe uji mzito, koroga, tumbukiza sensa dakika kumi. Lazima isome sifuri. Tofauti utakayoiona iandike na uitoe kwenye kila kipimo. Usipime upande wa juu kwa maji yanayochemka ukidhani ni nyuzi 100. Mbeya mjini maji huchemka karibu na nyuzi 94, na Kitulo karibu na 91.

Kwenye lami, kata mfereji kwa grainda, kina cha sentimita 2, nje ya njia ya magurudumu. Laza sensa na waya, ziba kwa lami ya moto kidogo kidogo, hakikisha hakuna tundu la hewa, maana tundu hilo litakusomea joto lake lenyewe. Waya upite ndani ya bomba hadi pembeni. Panya wanautafuna kuliko unavyofikiri, na ng'ombe hujikuna kwenye kila nguzo isiyo na uzio. Kwenye shamba weka sensa kwenye urefu wa majani, wazi kwa anga, bila kifuniko. Ile ya hewa ndiyo inayofunikwa, na sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa kwa nafasi zinafanya kazi nzuri.

Kipima joto cha kuelekeza kwa mkono, kinachosoma mnururisho, ni kizuri kwa kutembea barabara nzima kabla ya alfajiri na kuona vipande vya baridi. Weka uwezo wa kutoa mnururisho kuwa 0.95. Kama uwiano wake wa umbali kwa upana ni 12 kwa 1, ukisimama mita 1.2 unasoma duara la sentimita 10, basi usikisomee ukiwa mbali. Usikielekeze kwenye bati au chuma kinachong'aa. Kitakusomea ubaridi wa anga ulioakisiwa hapo na utaandika namba ya ajabu.

Safari hizo za alfajiri zinaonyesha kazi ya miti. Barabara inayopita katikati ya misonobari ya Sao Hill haioni anga yote, kwa hiyo usiku hubaki na joto zaidi kuliko kipande cha wazi kinachofuata. Mchana hali inageuka: kivuli kinazuia jua, na umande wa asubuhi unakaa hapo hadi saa 4 au 5. Kwenye modeli, kila kipande kipewe sehemu ya anga kinachoiona na saa ambazo jua linakifikia. Namba hizo mbili zinaongeza usahihi kuliko kubishana juu ya rangi ya lami.

Ukungu unahitaji uangalizi wa pekee upande wa Rungwe na Mufindi, ambako upepo wa kusini mashariki hupandisha unyevu mlimani. Ukungu ukifunga saa 10 usiku, uso unapanda nyuzi moja au mbili kabla jua halijatoka, kwa sababu anga imefungwa. Modeli isiyojua ukungu itaendelea kushusha joto na kutoa onyo la bure. Njia rahisi ni hii: joto la hewa likikutana na kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji) na upepo ukiwa mdogo kwa saa nzima, ongeza wingu kwenye hesabu. Haikamati kila ukungu, lakini inapunguza onyo la uongo.

Ile sehemu ya theluji kwenye programu msiifute. Msimu wa mvua inatumika kwa mvua ya mawe. Tabaka ya sentimita 2 ya mawe, tukichukulia nusu yake ni hewa, ni kilo 9 hivi kwa mita ya mraba, na kuyeyusha hizo kunataka megajuli 3. Lami iliyokuwa nyuzi 30 ina megajuli 6 kwenye sentimita 10 za juu, kwa hiyo mawe yanayeyuka kutoka chini na kuelea juu ya maji, na hapo ndipo gari hupoteza mshiko. Dakika za mwanzo ndizo mbaya. Kwenye changarawe na kwenye mitaro, mawe hukaa muda mrefu, huziba kalvati, na maji yanayokuja nyuma hukata barabara. Wa matengenezo aangalie kalvati kwanza, lami itajisafisha.

Kwa kazi ya lami wakati wa kipupwe, modeli hulipa gharama zake haraka kuliko mahali pengine. Masharti ya mradi huweka joto la chini la uso kwa kunyunyizia lami, na kokoto zikitandazwa kwenye uso baridi au wenye umande hazishiki, zinang'oka magari yakipita. Kazi ianze uso ukifika kiwango na umekauka, isimame mapema jioni. Alasiri uso ungali na joto huwadanganya wasimamizi: saa 11 lami ni nyuzi 22, saa 1 usiku inaweza kuwa imeshapoteza nyuzi kumi kabla kokoto hazijakaa. Tunawapa saa za kuanza na kumaliza kwa kila kipande, na vya kivulini tunavipa saa zao tofauti. Kwa tabaka nyembamba ya lami ya moto, upepo ni adui mkubwa kuliko baridi, maana hupunguza dakika za kushindilia.

Mwisho kuna onyo lenyewe. Kosa la kawaida la modeli nzuri ni nyuzi moja hivi, kwa hiyo tunaonya uso ukikokotolewa kufika nyuzi 1 juu ya sifuri. Kungoja sifuri ni kukosa usiku mwingi wa hatari. Ukaguzi wa matokeo tunaufanya kwa usiku wa anga safi peke yake, kwani usiku wa mawingu kila modeli inaonekana nzuri. Tunaandika mambo manne: tulionya ikatokea, tulionya haikutokea, hatukuonya ikatokea, hatukuonya haikutokea. Lile la tatu ndilo tunalolifuatilia hadi tujue ni wingu, upepo au udongo. Ujumbe wa simu utoke kabla ya saa 10 jioni, mkulima apate mwanga wa kutandaza nyasi kavu juu ya miche, na kama ana mipira ya kunyunyizia, ajaze tangi. Anayenyunyizia usiku asizime mpaka barafu yote iyeyuke asubuhi. Akizima katikati, maji yanayovukizwa hupooza majani kuliko kama asingeanza kabisa. Na ujumbe utaje uso, mahali na saa: "Majani ya viazi, mabondeni Kitulo, nyuzi 1 chini ya sifuri, kuanzia saa 10 usiku hadi saa 1 na nusu asubuhi. Lami haitaganda, itakuwa na maji. Daraja la chuma, endesha polepole."